Waheshimiwa, tupeni uhakika wa kesho

Barua ya wazi kwa madiwani, wakurugenzi wa miji, maofisa afya na wote mnaogawa vibali

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, sufuria zimeshaoshwa, nasubiri makaa yapoe ndipo niyazoe. Huu ndio muda pekee kwa siku ambao mikono yangu haina kazi. Nimepika na kuuza chakula kando ya barabara miaka mingi. Baadhi ya wanafunzi niliowauzia kwa chenji za mfukoni sasa wanakuja na watoto wao. Kwa hiyo msiichukue barua hii kama kilio cha mtu aliyeshindwa. Nimefanikiwa kwa kiasi changu na najua ni kwa sababu gani. Sababu hiyo ndiyo nataka kuwaeleza, maana naona mnaitafuta kusiko.

Mara kwa mara mnatuitia semina. Tunapewa kalamu, daftari na soda, kisha mtaalamu anatufundisha kumchekea mteja. Swali huwa lilelile: nini kinamsaidia muuzaji wa chakula cha barabarani afanikiwe? Na majibu ni yaleyale: usafi, huduma nzuri, ubunifu, nidhamu ya fedha. Siyakatai hata moja. Lakini katika semina zote hizo sijasikia jibu ambalo kila mwenye karai analijua, kwamba kinachomsaidia kuliko vyote ni kuwa na hakika kuwa kesho atapikia pale alipopikia leo.

Angalieni kinachotokea hakika hiyo inapokosekana. Mtu asiyejua kama kesho atakuwepo hatengenezi meza ya bati inayofutika vizuri. Anapigilia mbao za kuokota, ili siku zikivunjwa asiumie sana. Hanunui sufuria ya pili, kwa sababu siku ya kukimbia mikono ni miwili tu. Ana kisu kimoja na ubao mmoja: vibichi vinakatwa hapo, vilivyoiva vinakatwa hapohapo. Maji yake ni dumu moja, na dumu moja halitoshi kunawia, kuoshea sahani na kupikia. Kisha anakuja bwana afya, anaona kisu kimoja na dumu moja, anaandika kwamba muuzaji huyu ni mchafu. Alichoandika ni kweli. Ila hajaandika kwamba uchafu ule ulianzia ofisini.

Sidharau afya ya walaji. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 kati yao hufa. Chakula hicho si cha barabarani peke yake, kiko pia majumbani na kwenye hoteli zenye vitambaa vyeupe mezani. Lakini sisi tunalisha umati: makadirio yanayotajwa sana ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ni kwamba watu bilioni 2.5 hula chakula cha barabarani kila siku. Kosa letu moja linafika mbali.

Mwaka 2001 shirika hilohilo la afya lilitoa kanuni tano: dumisha usafi, tenganisha vibichi na vilivyopikwa, pika mpaka kiive kabisa, weka chakula kwenye joto salama, tumia maji na malighafi salama. Ukizisoma kwa jicho la mtu wa barabarani unaona kila kanuni inadai kifaa. Kutenganisha kunataka visu viwili na vyombo vyenye mifuniko. Joto salama ni zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi kwa chakula cha moto au chini ya nyuzi 5 kwa cha baridi, na kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kupita saa 2, kwa sababu hapo katikati ndipo vijidudu vinazaliana haraka. Basi nahitaji chombo cha kutunza joto, au moto mdogo chini ya sufuria mpaka nimalize kuuza, na moto huo ni mkaa au gesi, yaani ni pesa. Dawa yangu imekuwa kupika kwa awamu: sufuria ndogo tatu kwa zamu badala ya kubwa moja la alfajiri. Chakula hakikai. Nililiweza hilo nilipopata jiko la pili, na jiko la pili nililinunua mwaka ule nilipopewa kibali cha mwaka mzima, baada ya kuishi muda mrefu kwa ruhusa ya mdomo ya askari wa zamu. Sikuwa nimehudhuria semina yoyote mwaka huo.

Na bomba. Hili halihitaji sheria mpya wala ziara ya mafunzo ng'ambo. Meza kumi zikiwa na bomba moja la maji safi, sehemu ya kumwaga maji machafu yenye mtego wa kuzuia mafuta yasizibe mfereji, na pipa linalozolewa kila jioni, nusu ya ripoti za bwana afya zitakosa cha kusema. Ongezeni choo. Wengi wetu ni wanawake. Muulizeni yeyote kwa nini hanywi maji tangu alfajiri ilhali amesimama mbele ya moto, atawajibu kwa sauti ya chini.

Sasa niwaeleze kuhusu wateja, maana hapa ndipo mipango yenu mingi inapokufa.

Muuzaji wa viatu anaweza kumuuzia mtu mara moja wasionane tena, na bado akapata riziki. Kwenye chakula faida ya sahani moja ni ndogo mno. Ninayemlisha ndiye anayenilisha, mradi kesho arudi. Nina watu kama arobaini ninaowajua kwa sura. Huyu hataki chumvi nyingi, yule anakula amesimama kwa sababu basi linamwacha, mwingine hulipa Ijumaa. Hao arobaini ndio wanaonifanya niweze kukisia usiku nipike kiasi gani. Na kukisia vizuri ndiyo faida yenyewe. Jioni muuzaji wa viatu anafunga viatu vyake akaviuze kesho; mimi kilichobaki nakifunga kama hasara. Nikihamishwa leo, wale arobaini hawajui nilipo, nami sijui nipike kiasi gani. Nikipika kingi namwaga, nikipika kidogo namfukuza mteja mpya siku ya kwanza. Wiki tatu za namna hiyo zinatosha kula mtaji wote.

Yamenikuta. Miaka kadhaa iliyopita ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilituhamishia kwenye soko jipya. Lilikuwa jengo zuri, lina vigae, paa na feni. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Mwezi wa pili tulikuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe. Jengo lile lilikuwa mwendo wa dakika nane kutoka kituo cha basi, na mtu mwenye nusu saa ya kula hawezi kuzitumia dakika kumi na sita kutembea. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mtoto wa darasa la tatu, ila aliyechora ramani hakuwahi kula amesimama. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga hawakuwahi kuhamishiwa nyuma ya jengo. Tukarejea barabarani mmojammoja, tukaitwa wakaidi.

Mkitujibu mnapenda kuitaja Singapore. Sawa, tuitaje, lakini tuitaje yote. Ni kweli kwamba kati ya 1971 na 1986 wachuuzi wa barabarani kule walihamishiwa kwenye vituo vya chakula vyenye maji, umeme na mifereji, na Desemba 2020 UNESCO ikauingiza utamaduni wa vituo hivyo katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Lakini kabla ya kumhamisha mtu walianza kwa kuwaorodhesha wachuuzi, mwishoni mwa miaka ya 1960, wakawapa leseni. Uhamisho ukachukua takriban miaka kumi na tano. Vituo vingi vikajengwa katikati ya makazi mapya, mlangoni kwa walaji, na wachuuzi wa kwanza wakatozwa kodi yenye ruzuku. Ninyi huwa mnatupa siku tatu.

Kama Singapore ni mbali na uwezo wa hazina yenu, ipo Durban, Afrika Kusini. Pale Warwick Junction, ambapo treni, mabasi na teksi hukutana, manispaa iliamua katikati ya miaka ya 1990 kuboresha biashara pale pale zilipokuwa. Idara zilizozoea kurushiana barua zikakaa pamoja, zikafungua ofisi katika eneo lenyewe, zikazungumza na wauzaji. Yakajengwa mapaa, maji yakaletwa, ghala za kulaza mizigo usiku zikapatikana, na waliokuwa wakipikia chini wakatengenezewa sehemu ya kupikia. Sikutaja Durban kwa kuwa mambo yao yote yamenyooka. Huko nako magari ya kukamata mizigo yapo, na miaka iliyofuata ugomvi ulirudi. Nimeitaja kwa sababu walianza kwa kutazama miguu ya watu inapita wapi.

Kuna dhana nyingine huwa naisikia, kwamba tukikaa pamoja tunauana kibiashara, basi tutawanywe. Mnakosea. Mtaa wenye meza moja ya chakula ni wa bahati nasibu: ukifika umekuta kimekwisha, umerudi na njaa, hurudi tena. Mtaa wenye meza kumi unajulikana. Mchumi Harold Hotelling aliandika mwaka 1929 kuhusu wauzaji wa bidhaa ileile wanavyovutwa kusogeleana, na sisi bila kumsoma tulishajua. Ninapoishiwa chenji, jirani ndiye ananivunjia noti. Ninapougua, jirani ndiye anawaambia wateja wangu nitarudi Jumatatu.

Nije kwenye siku ya gari.

Mnajua namaanisha gari gani. Linapokuja, halibebi meza peke yake. Linabeba sufuria yenye chakula kilichokwisha kulipiwa kwa mtaji wa jana na deni la leo. Vyombo huenda vikarudi baada ya faini, chakula hakirudi. Mwenye nguo akikamatiwa mzigo anapoteza siku tatu, mwenye chakula anapoteza biashara. India waliliona hilo. Sheria yao ya mwaka 2014 ya kuwalinda wachuuzi wa barabarani inasema bidhaa zilizokamatwa zisizoharibika zirudishwe ndani ya siku mbili za kazi tangu mwenyewe azidai, na zinazoharibika zirudishwe siku hiyohiyo. Sheria hiyohiyo inakataza kumwondoa muuzaji aliyepo kabla wauzaji hawajahesabiwa na kupewa vyeti, inataka taarifa ya siku 30 kabla ya kumhamisha mtu, na inataka kamati ya mji ya kusimamia biashara hizi iwe na wauzaji wenyewe wasiopungua asilimia 40, waliochaguliwa na wenzao, theluthi yao wakiwa wanawake. Utekelezaji umesuasua katika miji mingi, sitawadanganya. Lakini mwanamke aliyekamatiwa sufuria akiwa na kifungu cha sheria mkononi anaongea tofauti na aliyekamatiwa akiwa na machozi tu.

Wenzenu wanaofikiri haya ni mambo madogo wakumbuke mzani mmoja. Tarehe 17 Desemba 2010, katika mji wa Sidi Bouzid, Tunisia, Mohamed Bouazizi, kijana muuza matunda wa mkokoteni, alinyang'anywa bidhaa na mzani wake. Alikwenda kuudai, hakusikilizwa. Akajichoma moto mbele ya ofisi ya serikali, na kabla mwezi uliofuata haujafika nusu, rais wa nchi alikuwa amekimbia.

Kuhusu idadi ya vibali nitasema kwa kifupi. Mkifikiri kuvipunguza kunapunguza wauzaji, muulizeni New York. Mwaka 1983 jiji lile liliweka ukomo wa vibali vya mikokoteni ya chakula, kiasi cha 3,000. Watu hawakuacha kula wala kupika. Kilichotokea ni kwamba wenye vibali wakawa wanavikodisha kwa magendo: kibali ambacho ada yake rasmi ilikuwa dola mia chache kwa miaka miwili kikakodishwa kwa dola elfu kumi na zaidi. Pesa ambayo ingenunua jiko safi ikaenda kwa mtu aliyelala nyumbani. Mwaka 2021 wakapitisha sheria ya kuongeza vibali zaidi ya 400 kila mwaka kwa miaka kumi. Miaka karibu arobaini ya kuchelewa.

Mtaji nao. Benki inataka anwani na hati, nami anwani yangu ni kona. Kwa hiyo tunakopa kwa watu tuliowapa jina la kausha damu, na jina linajieleza. Ufilipino wana mkopo wa namna hii wanaouita tano-sita: unachukua tano, unarudisha sita, na marejesho yanakusanywa kila siku. Tunajua unatunyonya. Lakini mkopeshaji huyo anakuja mezani kwangu saa moja asubuhi, haulizi hati, na anaelewa kuwa pesa yangu inazunguka kwa siku, haisubiri mwisho wa mwezi. Mkitaka kumshinda, mwigeni hapo, ila kwa riba ya ubinadamu. Juni 2020, baada ya janga la korona kutufunga sote, serikali ya India ilianzisha mpango uitwao PM SVANidhi: hadi mwaka 2025 mkopo wa kwanza ulikuwa hauzidi rupia 10,000, bila dhamana, ukilipa vizuri ulipanda hadi 20,000, halafu 50,000, na sehemu ya riba ulirudishiwa. Mpangilio huo naupenda kwa kuwa unafanana na upatu wetu, unaaminiwa kidogo, unalipa, unaaminiwa zaidi. Lakini ona mlango wa kuingilia: kwa kawaida unaonyesha cheti cha uuzaji, kitambulisho au barua ya mamlaka ya mji. Tumerudi palepale. Kibali ndicho kinachofungua benki.

Nitakuwa mnafiki nisiposema ya kwetu. Tuna makosa ambayo hakuna diwani atakayeturekebishia. Tunachanganya pesa ya nyumbani na ya biashara mpaka hatujui kama tunapata au tunajila wenyewe. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kweli wengi wetu daftari la semina tumewapa watoto wakachoree. Tunakopesha sahani kwa kuona haya, halafu tunamkwepa mdeni wetu kana kwamba sisi ndio tunaodaiwa. Tunarudia mafuta ya kukaangia mpaka yanakuwa meusi. Na ladha: mwezi ambao bei ya malighafi imepanda, mtu anapunguza viungo kimyakimya akidhani mteja hatambui. Anatambua siku ya kwanza, hasemi, anahamia meza ya pili. Ni afadhali upunguze kipimo na umwambie wazi.

Haya nayajua kwa sababu nimeyafanya karibu yote. Niliyaacha lini? Nilipoanza kuamini kwamba biashara hii itakuwepo mwakani. Daftari ni la mtu mwenye mwakani.

Basi ombi langu ni fupi. Tuhesabuni kabla ya kutupanga, na mhesabu pale tunapouzia. Kibali kiwe cha mwaka au zaidi, kwa jina la anayepika, chenye kutaja mahali na saa, na ada inayolipika kwa awamu. Saa ni muhimu: kuna barabara ambayo mchana ni ya magari na usiku inaweza kuwa yetu, na hatuna ugomvi na hilo mradi liandikwe. Pale ambapo kweli tunaziba njia ya waenda kwa miguu au ya zimamoto, tuambieni mwezi mzima kabla, mtuonyeshe pengine tunapoweza kuonekana. Chakula kilichokamatwa kirudishwe siku hiyohiyo. Na kwenye kamati inayoamua haya yote, wekeni wapishi, na wasiwe wale wawili mnaowachagua ninyi kwa kuwa hawabishi. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Pendekezo namba 204 kuhusu kuivusha sekta isiyo rasmi kwenda iliyo rasmi, na ndani yake upo utaratibu wa kuruhusu maeneo ya umma yatumike kwa kujipatia riziki. Serikali zilikaa kwenye ukumbi ule zikakubaliana. Ipo karatasi, nakala haikosekani ofisini kwenu.

Kabla ya kikao chenu kijacho, njooni mara moja bila gari la askari na bila mpiga picha. Njooni alfajiri, simameni pembeni, hesabuni watu wanaopita kwa saa moja, mtazame wanageukia wapi. Meza yangu ni ya tatu kutoka kona. Mkifika kabla ya saa mbili asubuhi mtakula. Mkichelewa hadi saa nne mtakuta sufuria tupu, naosha vyombo, nami nitafurahi kuwaambia kwamba siku imekuwa nzuri.

Wenu,

Mpishi wa meza ya tatu